Mwalimu Hapigiwi Kelele

Siku ya kwanza niliyokwenda kumtazama binti yangu akicheza kikapu, nilimkuta anamwomba mwenzake msamaha katikati ya mchezo. Wapinzani wameshauchukua mpira, wanakimbilia upande wetu, na yeye amesimama, mkono kifuani, anasema, "Samahani Mwalimu, nimekukanyaga." Yule aliyekanyagwa naye akasimama amjibu vizuri, "Bila samahani, mwanangu." Walipomaliza adabu zao mpira ulikuwa umeshapita kwenye wavu, na wasichana wa chuo kile kingine wanapigana viganja.

Nikamgeukia mzee aliyekaa jirani yangu. "Huu ni mchezo au ni kikao cha harusi?"

Akacheka kwa heshima. Watu wa Kilosa wananicheka kwa heshima, kwa sababu wananijua.

Nami niseme wazi mimi ni nani, nisije nikaonekana mpita njia. Nimeishia darasa la saba, na hilo la saba nililimaliza kwa sababu walimu walichoka kunirudisha. Nilianza pale Mikumi barabarani na pampu ya mkono na kopo la viraka, naziba pancha za baiskeli, baadaye pikipiki, baadaye malori. Leo lori likipasukiwa na tairi popote karibu na mbuga, dereva anapiga simu kwangu kabla hajampigia tajiri yake. Nina duka la matairi. Nina nyumba ya wageni, na maji ya moto yanatoka kweli. Nina jiko la nyama ambapo mabasi yanasimama yenyewe bila mtu kuyapungia mkono. Sikurithi hata mpini wa jembe. Hata uwanja huo wa chuo ninaousema, sakafu yake ni saruji yangu, na nguzo zake zilichomelewa na mafundi wangu, mimi mwenyewe nikiwa nimesimama juu ya vichwa vyao. Wanaosema najisifu waseme. Uwanja upo, waende wakaukanyage.

Kikapu chenyewe nilikuwa sikijui. Lakini kazi ya watu wengi ninaijua. Ukishusha tairi la lori watu wanne, lazima awepo wa kupiga kelele. Kama wote wamenyamaza, kuna mguu utavunjika. Na ile timu ilikuwa imenyamaza kama msiba.

Jambo lililonishangaza zaidi ni binti yangu. Yeye ni kitinda mimba wetu. Urefu amechukua kwa mama yake, mdomo amechukua kwangu. Nyumbani akiona nyama imeungua anaanza kuongea akiwa getini. Sasa nimemwona uwanjani, amefunga mdomo, anapitisha mpira kwa mikono miwili huku amekunja magoti kidogo, vile msichana anavyompokeza mkwe wake kikombe cha chai.

Lazima nieleze kwa nini mechi zile zilinikosesha raha, maana mimi si mtu wa kuhangaishwa na michezo.

Binti yangu alikuwa hataki chuo. Alipomaliza kidato cha nne, rafiki yake alikuwa ameshapata fremu ya duka Morogoro mjini, anauza nguo na vipodozi, naye alitaka kwenda huko wauze pamoja. Nikamwambia asome kwanza. Akaniangalia machoni, akasema, "Baba, wewe umesomea wapi?"

Tangu akiwa anatambaa amekuwa akinisikia nikiwaambia wageni kwamba shule si kitu, akili ndiyo kitu. Mtoto anasikiliza, tena anaweka akiba.

Lakini nilikitaka cheti, hata kimoja tu, ndani ya nyumba yangu. Unaweza ukawa na vyumba vya wageni na maji ya moto, akaja kijana wa ofisini umri wa mwanao, akakueleza jambo polepole kwa sauti ya juu, kama anayemwelekeza mgonjwa njia ya hospitali. Nimekutana na hilo mara nyingi. Sikutaka limkute yeye.

Kilichomvuta chuo ni kikapu. Alicheza sekondari, akasikia chuo kile cha Kilosa kina timu ya wanawake, imo kwenye ligi ya vyuo vya kanda. Akakubali, lakini sharti aliliweka yeye: "Nitakaa maadamu kuna timu. Timu ikifa, baba, usiniulize. Nakwenda Morogoro."

Nikakubali. Nilijua timu haifi, kwani uwanja si wangu?

Kumbe ligi ina mambo yake. Chuo kitakachoshika mkia kinatolewa. Na mkuu wa chuo, mtu mwema, alishasema mapema mbele ya wote: tukitolewa, basi la chuo halitatoka tena na timu itavunjwa, anayependa kikapu atajichezea jioni baada ya vipindi. Nilipoanza mimi kuhudhuria, tulikuwa tumeshafungwa mechi zote. Zote. Kila mpira uliopita kwenye wavu wetu niliuona kama begi la binti yangu linapandishwa kwenye basi la Morogoro.

Sasa huyo Mwalimu. Alikuwa nahodha wao, mwalimu wa shule ya msingi wa miaka mingi, mama wa watoto, amerudi chuo kuchukua stashahada. Mrefu hata mlangoni anainama, mabega yamejengeka, mikono laini kwenye mpira. Akiushika karibu na kikapu, hesabu umeingia. Shida ilikuwa nyuma. Alikuwa mzito kurudi kuzuia, na aliyepita mgongoni kwake hakumwona. Hilo si kosa kubwa. Mtu akipiga kelele tu, "Nyuma yako!" amegeuka na limekwisha.

Nani wa kupiga hiyo kelele? Wenzake walikuwa watoto wa juzi. Mmoja wao huyo mama alimfundisha kusoma darasa la kwanza, akimshika mkono na penseli. Kabla ya mechi walipanga foleni kumwamkia, "Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mwalimu," naye "Marahaba, marahaba," mpaka refa anapuliza filimbi bado kuna wawili hawajaamkia. Akikosea, kimya. Akisimama mahali pasipo, wanamzunguka. Mpira wakiupata wanampa yeye, hata kama amegeukia kwingine, maana kumnyima mkubwa si vizuri.

Kocha naye alikuwa mkufunzi kijana, ndevu ndiyo kwanza zinajaribu. Nilimsikia wakati wa mapumziko: "Mwalimu, kama hutajali, ukipata nafasi, naomba urudi kidogo nyuma."

"Sawa, mwanangu. Niambieni tu nikikosea. Mniambie!"

"Ndiyo Mwalimu," wakajibu wote kwa pamoja, kama darasani. Wakarudi uwanjani wakafungwa.

Siku hiyo nilimchukua binti yangu kwenye gari, wikiendi ile alikuwa anakuja nyumbani. Njiani nikamuuliza, "Kwa nini humwambii arudi?"

"Nimwambie nani? Mwalimu?"

"Ndiyo, huyohuyo."

"Baba, yule hapigiwi kelele."

"Uwanjani hakuna mwalimu."

"Bibi akizidisha chumvi kwenye mboga, wewe unamwambia?"

Mama yangu chumvi anazidisha kila siku, na mimi nakula kila siku. Nikawasha redio.

Nilifanya niliyoyaweza. Niliwapelekea viatu vipya. Niliwapelekea mchele, maharage, na mbuzi mzima. Nilikaa karibu na benchi nikapiga kelele mimi, mpaka refa akaniomba nihamie upande wa pili. Tukafungwa Morogoro. Tukafungwa Dodoma, na ile ya Dodoma sitaki hata kuikumbuka. Wenzangu pale kijiweni Mikumi wakaanza: "Bosi, timu yako leo imefunga?" "Imefunga." "Imefunga nini?" "Imefunga safari, inarudi." Nami nacheka nao, lakini roho inauma.

Mambo yaligeuka kwenye meza yangu mimi, juu ya nyama yangu.

Walikwenda Iringa wakafungwa, na wakirudi Kilosa lazima wapite Mikumi. Nikampigia kocha simu nikamwambia basi lisimame kwangu, watakula. Walifika jua linazama, wamechoka, wananuka jasho na vumbi. Nikawapanga kwenye meza ndefu chini ya turubai, nyama ya mbuzi, ndizi za kuchoma, kachumbari. Wakala. Unasikia meno tu. Nimeandaa matanga yaliyokuwa na kelele kuliko chakula kile.

Nahodha akanawa, akaja mpaka nilipokuwa nakata nyama, akapiga goti kidogo. "Shikamoo baba. Tunashukuru sana kwa chakula."

"Marahaba, mwalimu. Kwenu hasa ni wapi?"

"Nyumbani ni Msowero. Lakini asili yetu si huku. Wazazi walihamia na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa. Sisi ni Wasukuma."

Nikaweka kisu chini.

"Msukuma!" nikapaza sauti, meza nzima ikageuka. "Jamani, mtumwa wangu huyu! Nimemlisha mbuzi mzima bila kujua! Nani amekufungulia zizi wewe?"

Kocha alikuwa ameinua chupa ya soda, ikabaki hapohapo mdomoni. Binti yangu akasimama. "Baba!" akasema. "Unamtukana Mwalimu!"

Nahodha hakumsikia. Alikuwa ananitazama mimi. Lile goti lilishanyooka, na alipojinyoosha mwili wote niliona nimefikia begani kwake.

"Wewe kabila gani?"

"Msagara halisi. Wa Kidete, kando ya reli."

"Ahaa! Ndiyo maana nyama imekatwa vipande vya kuku. Nilikuwa nimekaa pale najiuliza, bwana huyu mbona mchoyo hivi? Kumbe Msagara! Nyie mnapanda milima tangu mmezaliwa na bado hamjawa warefu."

"Na nyie mmefuata mkia wa ng'ombe kutoka ziwani mpaka Msowero, hata njia hamkuuliza!"

"Ng'ombe alikuwa anaijua njia. Wewe nani alikuonyesha Mikumi? Nyani?"

Dereva wa basi ndiye aliyecheka kwanza. Alikuwa mtu mzima, Mgogo, alielewa. Wale wasichana walikuwa wanatuangalia zamu kwa zamu kama watu wanaongoja ngumi.

Vijana wa siku hizi utani wanaoujua ni wa timu za mpira za Dar. Huu wa makabila wameusikia kwa juujuu. Sisi tumekulia ndani yake. Baba yangu alipofariki kule Kidete, waliokuja wa kwanza ni watani, Wanyamwezi na Wasukuma waliokuwa wamefanya kazi kwenye reli. Mmoja alichukua kofia ya marehemu akaivaa, akapita katikati ya waombolezaji akitembea vilevile alivyotembea baba, kifua mbele, anakohoa kikohozi chake, anauliza tumbaku yake nani ameiba. Mama yangu alikuwa hajala wala hajasema neno. Akacheka. Akacheka na machozi yanamtoka, halafu akaomba uji. Mtani anaruhusiwa kusema asichoruhusiwa mtu mwingine, na hukasiriki. Ukikasirika, aibu ni yako. Huku Kilosa mkulima na mfugaji wamegombana vibaya kwa miaka, tunajua sote. Lakini ukigundua aliye mbele yako ni mtani, kuna mlango mwingine unafunguka pembeni.

Nahodha akageuka taratibu, akamtazama binti yangu aliyekuwa bado amesimama.

"Na wewe?"

"Abee, Mwalimu."

"Baba yako Msagara. Mimi Msukuma. Sisi na wewe ni nani?"

"Sijui, Mwalimu."

"Unajua, umesikia sasa hivi. Mimi ni mtani wako. Haya, nitanie."

Binti yangu akanitazama. Mimi nikaendelea kukata nyama. Kuna mambo mzazi humsaidii mtoto.

"Siwezi, Mwalimu."

"Sema! Nimekukanyaga mara ngapi uwanjani? Nimekunyima mpira mara ngapi? Sema!"

Binti yangu akafumba macho, akasema haraka haraka kama mtu anayekunywa dawa: "Mwalimu wewe unarudi nyuma kama ng'ombe aliyeshiba!"

Yule msichana aliyefundishwa kusoma alijiziba uso kwa mikono yote.

Nahodha alipiga meza, sahani zikaruka. Alicheka mpaka akakaa chini, anajifuta machozi kwa khanga. "Eheee! Jamani! Hilo neno umekaa nalo tumboni ligi nzima?"

"Ndiyo Mwalimu. Na jingine lipo."

"Leta!"

"Mtu akipita nyuma yako humwoni mpaka ameshafunga na kwenda kuoga."

Meza yote ikaangua kicheko. Mchaga mmoja, mfupi, mwenye mbio kuliko wote, akaona mambo yamekuwa matamu, akanyoosha kidole. "Mwalimu, na mimi naweza kusema?"

"Wewe Mchaga kaa hapo. Katafute Mpare wako."

Basi liliondoka kwangu lina kelele mpaka mlinzi wa geti akaniuliza kama wamelewa.

Mechi iliyofuata ilikuwa nyumbani, Kilosa. Nilifika mapema. Shikamoo zilikuwepo kama kawaida, foleni ileile. Lakini filimbi ilipolia, mdomo wa binti yangu ukafunguka, na haukufungwa tena.

"We Msukuma! Rudi! Unachunga nini huko mbele?"

Na yule mama anarudi! Anakimbia, mabega yanacheza, anajibu hukohuko, "Nakuja, mla viazi! Leta mpira!"

"Nyuma yako! Nyuma! Hilo si zizi, geuka!"

Anageuka, anaupiga mpira, unatoka nje. Kocha akasimama kwenye benchi, mikono kichwani, anacheka. Tangu siku ile aliacha kuomba kwa "kama hutajali". Alimwita binti yangu pembeni, akamnong'oneza, "Mwambie asimame kushoto," na binti yangu anakwenda kuupaza ujumbe kwa lugha yake.

Refa hakuelewa. Robo ya pili alisimamisha mchezo, akamwita binti yangu na kumwambia anampa adhabu kwa kutumia lugha chafu dhidi ya mtu mzima. Na kweli, ukisikia kwa nje, mtoto anamwita nahodha wake ng'ombe. Nahodha akaenda mwenyewe. "Refa, mwache huyo. Ni mtani wangu."

"Mtani?"

"Yeye Msagara, mimi Msukuma."

Refa akamwangalia huyu, akamwangalia yule, akashusha filimbi. "Basi tanianeni. Lakini mpira ni wa wale."

Tulishinda. Si kwa mengi, lakini tulishinda. Mechi iliyofuata tukashinda tena. Wanafunzi waliokuwa hawajawahi kukanyaga uwanjani wakaanza kuja, nadhani wengi walifuata maneno kuliko mpira. Kule Mikumi wale wa kijiweni waliniona napita kifua mbele. Niliwasalimia mmoja mmoja, polepole.

Ikabaki mechi moja. Sisi na chuo kingine tulikuwa tumelingana mkiani, na ratiba, kama kwa makusudi, ilituweka tucheze wenyewe kwa wenyewe, kwetu Kilosa. Anayefungwa anatoka kwenye ligi.

Nilimuuliza binti yangu asubuhi ile, "Sharti lako bado?"

"Bado, baba. Nilisema."

Ndivyo nilivyomlea. Neno likitoka limetoka.

Nitasema kweli, walicheza vizuri. Katika mechi zote nilizoona, ile ndiyo waliyocheza vizuri kuliko zote, hata zile walizoshinda. Walipeana mpira bila kukunja magoti. Yule aliyefundishwa kusoma alimpita nahodha wake akaenda kufunga mwenyewe, na hakuomba radhi. Binti yangu sauti ilikwisha, akawa anaita kwa kupiga makofi. Lakini wale wengine walikuwa na wasichana wawili warefu kweli, na katika robo ya mwisho nahodha wetu akafikisha faulo ya tano, akatolewa. Alikwenda kukaa kwenye benchi, taulo kichwani, akaendelea kumtania binti yangu kutoka pale: "Msagara! Ruka! Jifanye uko mlimani!" Binti yangu aliruka. Wale walikuwa warefu tu.

Tulifungwa. Wasichana walishikana mikono na wapinzani, mkuu wa chuo akatoa maneno mafupi ya kuwashukuru, watu wakatawanyika wakielekea kwenye chakula.

Mimi nikaenda kukaa kwenye gari, mlango wazi. Nimewahi kuchomewa banda la matairi, nikakaa nikatazama moto bila kutetereka, nikajenga jingine. Siku ile sikujua nijenge nini. Nilimwona binti yangu anaingia hosteli, na baada ya muda anatoka, ameshabadilisha nguo, begi kubwa begani. Akaliweka kiti cha nyuma. Akaja akasimama upande wangu.

"Nitalala nyumbani leo. Kesho nakwenda Morogoro."

"Sawa," nikamwambia. Nilikuwa na maneno mengi, lakini yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya kumshinda, na sikutaka kumshinda.

Hapo akatokea nahodha. Bado yuko kwenye jezi, khanga imefungwa kiunoni, viatu mkononi. Hakunisalimia.

"Mtani, kuna kitu changu kwenye gari lako."

"Kitu gani?"

Akafungua mlango wa nyuma, akalivuta begi, akaliweka kichwani. "Hiki."

"Mwalimu," binti yangu akasema, "hilo ni begi langu."

"Lilikuwa. Nimelichukua. Mkilitaka, njooni na ng'ombe."

Mtani akichukua kitu chako amechukua. Akipita kwako akaona jogoo akamkamata, humkimbizi. Unasema asante amepita, na siku yako itafika. Mimi nilijua hivyo tangu mtoto. Binti yangu naye, ndani ya zile wiki chache, alishajua. Nilimwona anataka kukasirika na hajui aanzie wapi.

"Lakini timu imekufa, Mwalimu."

"Nani anasema habari ya timu?" Nahodha alishusha sauti, na mara ya kwanza nikasikia imechoka. "Mimi kompyuta inanishinda. Unanielewa? Nakaa darasani kwenye kile kipindi chetu cha pamoja, nabonyeza pasipo, naandika vitu vinapotea, na watoto wote wa darasa lile wananitazama nakosea wananiambia 'ndiyo Mwalimu', 'vizuri Mwalimu'. Mkufunzi naye hivyohivyo. Nimeacha watoto wangu nyumbani, nimekuja hapa kufeli kwa heshima? Nataka mtu wa kunipigia kelele. Nimempata mmoja tu."

Binti yangu alikuwa ameshika mlango wa gari. Alinitazama. Safari hii sikuwa na nyama ya kukata, nikatazama usukani.

"Siku moja darasani nilikuona," akamwambia nahodha, taratibu kwanza. "Unabonyeza kwa kidole kimoja, kama unatoa mwiba kwenye kwato."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nyuma yako, kiti cha tatu. Nilitaka kulia."

"Basi kesho kaa kiti cha pembeni."

Hakusubiri jibu. Akaondoka na begi kichwani, bila kulishika, mgongo umenyooka, kuelekea hosteli. Binti yangu akasimama kidogo. Halafu akaufunga mlango wa gari, akasema, "Baba, nitakupigia," akamfuata, na hawajafika hata kwenye kona nikasikia wameshaanza, sauti moja imekauka, nyingine nene, watu wanageuka kuwatazama.

Nilipofika kwenye lami simu ikaita. Mama yake.

"Mmefungwa, nimesikia. Mnakuja wangapi, niweke wali wa watu wangapi?"

"Weka wa kwangu tu," nikamwambia.